Boriti ya Bawa na Amri Iliyofutwa: Historia ya Ulazima wa Kukagua na Kubadili Vipuri katika Ndege Ndogo za Piper, 1987–2021

Utangulizi

Tarehe 30 Machi 1987, karibu na mji wa Marlin katika jimbo la Texas, ndege ndogo aina ya Piper PA-28-181 ilikatika bawa ikiwa angani. Ilikuwa ikifanya doria ya bomba, kazi inayoilazimu ndege kuruka chini chini, mahali ambapo joto la ardhi na upepo unaopiga vilima huitikisa bila kupumzika. Ilikuwa imekwisha kuruka saa 7,490. Tarehe 4 Aprili 2018, miaka 31 baadaye, ndege ya ukoo uleule, PA-28R-201 ya chuo kimoja cha urubani, ilipoteza bawa la kushoto mara tu baada ya kupaa kutoka uwanja wa Daytona Beach, Florida. Waliofariki walikuwa mwanafunzi aliyekuwa akifanya mtihani wa leseni ya urubani wa kibiashara, pamoja na mtahini wake. Ndege hiyo ilikuwa na saa 7,690. Umri wa ndege hizo mbili kwa saa za kuruka ulitofautiana kwa saa 200 tu.

Baina ya ajali hizo mbili, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) ilikwisha kutoa amri iliyowataka wenye ndege kukagua sehemu ileile iliyokatika, kisha ikaifuta. Insha hii inafuatilia safari ya amri hiyo: ilivyotolewa, ilivyopingwa, ilivyofutwa mwaka 1989, na ilivyorejea kwa sura nyingine mwaka 2021. Swali linaloongoza mjadala ni la kihistoria zaidi kuliko la kiufundi. Dola hupata wapi ujuzi wa kumlazimisha raia kufungua, na pengine kutupa, kipuri ambacho kwa macho ni kizima? Inahojiwa hapa kwamba kasoro ya miaka hiyo 31 haikutokana na kutojua hatari, kwa sababu hatari ilijulikana tangu mwezi ule wa Machi 1987. Ilitokana na namna umri wa ndege ulivyohesabiwa.

Amri ya dola na waraka wa kiwanda

Kabla ya kuingia katika kisa chenyewe ni lazima kutenganisha nyaraka mbili ambazo wenye ndege wengi huzichanganya. Ya kwanza ni waraka wa huduma unaotolewa na kiwanda. Waraka huu unaweza kuandikwa kwa wino mwekundu na kuitwa wa lazima, lakini nchini Marekani mwenye ndege anayeruka kwa shughuli zake binafsi hafungwi nao kisheria. Ya pili ni amri ya ustahiki wa kuruka, ambayo hutolewa na FAA chini ya Sehemu ya 39 ya kanuni za usafiri wa anga. Hii ni sheria kamili. Ndege ambayo haijatimiza amri hiyo haistahiki kuruka, na kila safari inayofanywa nayo huhesabiwa kuwa kosa jipya. Nambari ya amri yenyewe ni kalenda: amri 87-08-08, itakayorejewa mara nyingi hapa chini, ni ya mwaka 1987, kipindi cha nane cha wiki mbili mbili, na ni ya nane katika kipindi hicho.

Jambo linaloeleza joto la mijadala yote iliyofuata ni la fedha. Katika magari, sheria ya Marekani tangu marekebisho ya mwaka 1974 humtaka mtengenezaji arekebishe kasoro ya usalama bila kumtoza mnunuzi. Katika ndege hakuna sharti kama hilo. Amri ya ustahiki wa kuruka humwelekea mwenye ndege, si kiwanda. Kiwanda huweza kusaidia kwa hiari, kwa punguzo au kwa kipuri cha bure, lakini sheria humtazama yule ambaye jina lake limo katika hati ya usajili. Ndiyo maana kila rasimu ya amri inapochapishwa ili umma utoe maoni, vyama vya wenye ndege huijibu kwa hesabu: ndege ngapi, saa ngapi za fundi, dola ngapi, na ushahidi gani.

Boriti na mashimo yake

Ndege za PA-28, ambazo mfano wa kwanza uliitwa Cherokee, zilibuniwa kwa ajili ya kiwanda cha Piper cha Vero Beach, Florida, na wahandisi Fred Weick, Karl Bergey na John Thorp. Zilipata cheti cha aina mwaka 1960. Ni ndege za alumini zenye mabawa ya chini, rahisi kuziunda na rahisi kuzirusha, na kwa sababu hizo zikawa vitanda vya kulelea marubani katika mabara yote. Zaidi ya 30,000 zimekwisha kutengenezwa.

Kila bawa la PA-28 hubebwa na boriti kuu moja ya alumini inayokwenda kutoka kwenye kiwiliwili hadi karibu na ncha. Boriti hiyo huingia katika sanduku la chuma na alumini lililo chini ya viti na kufungwa kwa bolti zinazopita katika kingo zake za juu na za chini. Ndege ikiwa angani, bawa huinuliwa na hewa, kwa hiyo ukingo wa chini wa boriti huvutwa na ule wa juu hubanwa. Kila mtikiso, kila kona kali, kila kutua huongeza mvuto na kuuachia. Metali inayovutwa na kuachiwa mara maelfu huchoka, na uchovu huanzia pale nguvu inapojikusanya, yaani pembezoni mwa shimo. Katika PA-28 mahali hapo ni mashimo ya bolti za chini zilizo nje kabisa, upande wa ncha ya bawa. Ufa huzaliwa ndani ya shimo, chini ya kichwa cha bolti, ambapo hakuna jicho la fundi linaloweza kufika bila kuitoa bolti yenyewe.

Wabunifu hawakufanya uzembe. Kanuni walizozifuata, zilizojulikana kama CAR 3, zilitaka ithibitishwe kwamba bawa linaweza kubeba mzigo mkubwa kuliko ule litakaokutana nao katika kazi, na bawa la Cherokee liliubeba. Kanuni hizo hazikutaka uchunguzi wa uchovu wa mabawa kwa ndege ndogo za namna hii. Sharti hilo lilikuja baadaye, na halikurudi nyuma kuzikamata ndege ambazo aina zake zilikwisha kupata cheti. Hivyo ndege iliyotoka kiwandani mwaka 2007, kama ile ya Daytona Beach, ilikuwa bado mtoto halali wa kanuni za miaka ya 1950.

Amri ya 1987 na kufutwa kwake

Baada ya ajali ya Marlin, FAA ilitoa amri 87-08-08. Ilihusu ndege za PA-28 na ndugu zake wakubwa wa PA-32, na ili kuitekeleza ilibidi mabawa yavuliwe ndipo boriti na mashimo yake yakaguliwe. Fundi yeyote aliyewahi kuvua bawa anajua maana ya kazi hiyo. Mabomba ya mafuta hukatwa, nyaya za umeme na za usukani hufunguliwa, bolti zilizokaa mahali pamoja miaka 20 hugongwa zitoke. Bolti inayotolewa kwa nguvu huweza kukwaruza ukuta wa shimo, na mkwaruzo ni mahali pazuri mno kwa ufa kuanzia. Hoja ya wapinzani ilikuwa na uzito wake: ukaguzi ungeweza kuleta ugonjwa uliokusudiwa kuutafuta.

Matokeo yalipokusanywa, zaidi ya ndege 500 zilikuwa zimekaguliwa na nyufa ziliripotiwa katika mbili tu. Ikakumbukwa pia kwamba ndege ya Marlin haikuishi maisha ya kawaida, kwani ilitumika katika doria ya chini chini ambayo huchosha bawa kuliko safari za mwisho wa juma. FAA ikahitimisha kwamba hali ile haikuwa ya ndege zote, na mwaka 1989 amri ikafutwa.

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuulaumu uamuzi huo kwa kuwa anajua kilichotokea mwaka 2018. Lakini ukiutazama kwa macho ya mwaka 1989, ulikuwa na mantiki. Ndege mbili katika 500 ni chache, na gharama ya kuvua mabawa, pamoja na madhara yake, ilikuwa inaonekana waziwazi. Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine. FAA ilitambua kwamba matumizi ya ndege ndiyo yaliyoleta uchovu, kisha badala ya kutafuta ndege nyingine zenye matumizi makali na kuzibakiza chini ya amri, ikaziachilia zote. Sababu ya kuifuta amri ndiyo iliyopaswa kuwa sababu ya kuiandika upya.

Kiwanda chenyewe hakikuliacha suala hilo. Mwaka 1988 Piper ilitoa waraka wa huduma nambari 886 uliozigawa ndege kwa makundi ya matumizi, kila kundi na muda wake wa ukaguzi wa boriti. Hapo wazo la kwamba saa za kuruka hazilingani lilikuwa limekwisha kuandikwa. Hata hivyo, waraka si sheria, na kwa ndege ya matumizi ya kawaida ukaguzi wa kwanza uliwekwa baada ya zaidi ya saa 60,000, umri ambao karibu hakuna ndege ya namna hii inayoufikia. Mwenye shule ya urubani alipaswa kujiuliza mwenyewe kama matumizi yake ni ya kawaida au makali. Wengi walijihesabu wa kawaida, na hapakuwa na mkaguzi wa kuwasahihisha.

Miaka ya kati

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa viwanda vyenyewe. Cessna ilikwisha kusimamisha utengenezaji wa ndege za injini moja ya pistoni mwaka 1986, na Piper ikaingia katika ufilisi mwaka 1991. Lawama kubwa ilielekezwa kwa kesi za fidia. Tarehe 17 Agosti 1994 Marekani ilipitisha sheria ya kufufua sekta ya ndege ndogo, iliyoweka ukomo wa miaka 18, na baada ya hapo mtengenezaji wa ndege ndogo kwa kawaida hawezi kushtakiwa kwa kasoro yake. Sheria hiyo ina kifungu kinachogusa moja kwa moja suala la vipuri: kipuri kipya kinapochukua nafasi ya cha zamani, miaka 18 ya kipuri hicho huanza upya. Kwa hiyo kila boriti au krenkshafti mpya inayofungwa kwenye ndege ya zamani hufungua tena dhima ya aliyeitengeneza, hata kama sehemu nyingine zote za ndege hiyo zimekwisha kutoka katika mikono ya mahakama.

Krenkshafti zimetajwa kwa makusudi, kwani katika miaka hiyohiyo dola ilijaribu njia iliyo kinyume na ile ya boriti. Kuanzia mwaka 2002 krenkshafti kadhaa za injini za Lycoming zilikatika zikiwa kazini, na chanzo kikatafutwa katika chuma chenyewe na namna kilivyofuliwa. Baada ya amri kadhaa zilizolenga makundi ya nambari maalum, amri 2006-20-09, na ile iliyochukua nafasi yake, 2012-19-01, ziliamuru krenkshafti zilizoorodheshwa ziondolewe kabisa katika kazi, ama injini inapofunguliwa kwa ukarabati mkubwa, ama muda maalum unapokwisha. Haikuulizwa kama krenkshafti ya fulani ina ufa. Nambari yake ya utambulisho ilitosha kuihukumu. Lycoming iliuza krenkshafti mbadala kwa bei ya punguzo kwa muda uliowekwa, lakini mzigo uliobaki uliwaangukia wenye ndege, ambao wengi wao injini zao zilikuwa zikizunguka vizuri.

Tofauti ya visa hivi viwili haiko katika ukali wa dola. Kasoro ya krenkshafti ilizaliwa nayo kiwandani, kwa hiyo orodha ya nambari iliweza kuikamata. Uchovu wa boriti hauzaliwi na boriti. Huletwa na maisha ambayo ndege imeishi. Orodha ya nambari haiwezi kusema ni ndege ipi ilifundishia wanafunzi na ipi ililala bandani. Kwa boriti palihitajika njia ya kuyasoma maisha yaliyopita.

Daytona Beach na hesabu mpya ya saa

Uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri (NTSB) ulikuta ufa mrefu wa uchovu katika ukingo wa chini wa boriti ya bawa la kushoto, ulioanzia kwenye shimo la bolti ya nje. Ndege ilikuwa imetua mara 33,276, ambayo ni zaidi ya mara nne kwa kila saa ya kuruka. Takwimu hiyo ndiyo taswira kamili ya ndege ya mafunzo: mwanafunzi hupaa, huzunguka uwanja, hugusa ardhi na kupaa tena, siku nzima, katika hewa ya chini yenye misukosuko. Ndege nyingine ya aina hiyohiyo katika chuo hicho ilipokaguliwa ilikutwa nayo na ufa mahali palepale. Ndege ile haikuwa kuukuu: ilikuwa na miaka 11, na ilikuwa ikitunzwa kwa ratiba.

Mnamo Desemba 2018 FAA ilichapisha rasimu iliyokadiria kugusa ndege karibu 20,000. Maoni yakaja kwa wingi, na hofu ya mwaka 1987 ikarudi: mashimo yataharibiwa na ukaguzi. Safari hii hata hivyo palikuwa na chombo kilichobadili mjadala. Katika ukaguzi wa mikondo ya umeme, bolti mbili za nje huondolewa, kichunguzi chembamba huingizwa katika shimo, na ufa hujulishwa na mvurugiko wa mkondo unaozunguka ndani ya metali. Bawa halivuliwi. Piper ilieleza utaratibu huo katika waraka wa huduma nambari 1345 wa mwaka 2020. Rasimu ya pili ilitoka Juni 2020, na amri kamili, 2020-26-16, ikaanza kutumika tarehe 16 Februari 2021 kwa takriban ndege 5,400 za Marekani. Ufa ukionekana, boriti hubadilishwa kwa mpya, au kwa iliyotumika ambayo nayo imekaguliwa kwa njia ileile na kuonekana nzima.

Kiini cha amri hiyo ni fomula. Sheria ya Marekani huitaka ndege inayobeba abiria kwa malipo, au inayotumika kufundishia kwa malipo, ikaguliwe kila baada ya saa 100. Kila ukaguzi wa namna hiyo huandikwa katika daftari la ndege. FAA ikaona kwamba daftari hilo ni ushahidi wa maisha ya ndege. Idadi ya kaguzi za saa 100 huzidishwa kwa 100, na saa zilizobaki, ambazo huhesabiwa kuwa za matumizi binafsi, hugawanywa kwa 17, kisha viwili hivyo hujumlishwa. Jumla ikifika 5,000, ukaguzi wa boriti ni wa lazima. Kwa mfano, ndege yenye saa 7,690 iliyofundishia maisha yake yote na kukaguliwa mara 76 hupata takriban saa 7,605 na kuingia katika amri. Ndege yenye saa hizohizo iliyorushwa na mwenyewe kwa shughuli zake hupata 452 tu, na huenda isifikie kikomo kamwe.

Fomula hii ni jibu la moja kwa moja kwa kosa la mwaka 1989, ingawa nayo haikosi pengo. Sharti la saa 100 halizigusi ndege za doria zinazoruka na wafanyakazi wake pekee bila abiria wa kulipa. Ndege yenye saa 7,490 kama ile ya Marlin, ikiwa haikukaguliwa kwa ratiba ya saa 100, ingepewa saa 441. Ndege iliyoianzisha historia hii yote ingeweza kupita katika tundu la wavu uliofumwa kwa sababu yake. Haielekei kwamba FAA ililisahau jambo hilo. Inaelekea zaidi kwamba ilichagua ushahidi uliopo katika madaftari kuliko ushahidi bora ambao haukuandikwa popote.

Amri nje ya nchi ilikozaliwa

Chini ya Nyongeza ya 8 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, nchi iliyobuni ndege huzipelekea nchi nyingine taarifa za lazima za ustahiki wa kuruka, na nchi iliyosajili ndege huzikubali au huzitathmini na kuchukua hatua. Kwa njia hiyo amri iliyoandikwa Marekani huwa na nguvu katika hanga la Nairobi au Dar es Salaam kupitia mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania. Uzito wake huko hauko katika idadi. PA-28 katika nchi hizi, kama kwingineko, ni ndege ya kufundishia, na mwendo wa kupaa na kutua katika hewa yenye joto ya mchana ni uleule uliochosha boriti ya Daytona Beach.

Ila fomula ilifumwa kwa uzi wa Kimarekani. Mahali ambapo ndege iliwahi kutunzwa kwa ratiba nyingine, kama ile ya saa 150 iliyotumika Uingereza kwa miaka mingi, hakuna kaguzi za saa 100 za kuhesabu, na fundi hulazimika kukisia kutoka katika shughuli zilizoandikwa. Ndege nyingi za namna hii zilifika Afrika Mashariki zikiwa zimekwisha kupita mikononi mwa wenye ndege kadhaa katika nchi zaidi ya moja, na si kila daftari lilisafiri na ndege yake. Waandishi wa amri 2020-26-16 walilitazama hilo: ndege ambayo kumbukumbu zake hazipo haipewi nafasi ya kuingizwa katika fomula. Bolti zake mbili hufunguliwa na mashimo yake hukaguliwa, iwe ilifundishia wanafunzi 1,000 au haikufundishia hata mmoja.